Tairi limevimba, linalika upande, linapungua upepo: jua chanzo kwanza ndo ununue jingine

Wenye magari wa Mtwara na Lindi, huku kwetu tairi likiharibika mtu anakimbilia kununua jingine, tena haraka haraka maana gari kesho inatakiwa Newala au Ruangwa, linafungwa jipya, baada ya miezi michache lile jipya nalo limeisha upande ule ule na lawama zote zinamwendea muuza tairi. Wakati muuza tairi hana kosa, kosa lipo kwenye gari au kwenye upepo au kwenye mzigo na halikuguswa. Tairi lililoharibika ndo linakuonyesha tatizo liko wapi, kwa hiyo kabla hujalitupa liangalie vizuri, lipapase, hata kwa ndani yake muombe fundi akuonyeshe. Anza na dalili unayoiona kwenye gari lako, sio lazima usome zote, ila ile ya uvimbe na ile ya tairi za mtumba naomba kila mtu azipitie.

Kabla ya dalili yoyote, upepo

Nusu ya matatizo nitakayoyataja yanaanzia kwenye upepo. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango, kuna stika yenye saizi ya tairi na kiasi cha upepo cha mbele na cha nyuma. Magari yetu mengi yametoka Japani kwa hiyo stika imeandikwa kwa kPa badala ya psi tulizozoea kwenye geji, usihangaike, 220 ni kama psi 32, 230 ni psi 33, na 240 ni kama psi 35. Hicho ndo kipimo cha gari lako. Ile namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi lenyewe, mara 44 mara 51, ni kikomo cha tairi, sio kiasi cha kujaza, na kuna watu wanajaza hiyo wakidhani ndo sahihi.

Pima asubuhi gari ikiwa haijatembea. Ukishatoka Mtwara ukafika Mingoyo na jua la saa saba tairi limepata moto na upepo umepanda, psi 3 mpaka 5 zinaweza kuongezeka, hiyo ni kawaida kabisa, usiutoe. Mtu akiutoa pale akifika nyumbani tairi likapoa upepo unakuwa umeshuka chini ya kiwango, kesho anaondoka na tairi laini bila kujua. Na geji za kwenye vijiwe vya pancha nyingi zimedondoshwa sana, nunua yako ndogo ukae nayo kwenye dashibodi, sio kitu cha gharama.

Upepo unapungua taratibu, kila baada ya siku kadhaa unajaza

Hapa watu wanasema "tairi limechoka" wakati mara nyingi tairi ni zima. Chukua maji ya sabuni, tairi likiwa limejaa, mwagia sehemu tatu kwa utulivu. Kwanza kwenye valvu, yani pale unapojazia upepo, mwagia juu kwenye tundu na pale chini inapotokea kwenye rimu, ukiona mapovu juu ni kile kisindano cha ndani kimelegea au kimekufa, kinakazwa au kinabadilishwa kwa hela ndogo sana. Mapovu yakitoka chini ujue mpira wa valvu umepasuka na unatakiwa valvu mpya nzima. Pili mwagia uso wote wa tairi ukizungusha polepole, msumari mdogo au kipande cha waya kitajionyesha. Tairi za malori zinazopasuka kwenye hii barabara ya Masasi zinaacha vipande vyenye waya za chuma pembeni, na siku hizi malori ni mengi, ya saruji na ya makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Ruvuma kuja bandarini, kwa hiyo ukipaki pembeni ya lami angalia unapokanyaga.

Tatu, na hii ndo ya watu wa pwani, mwagia pale tairi linapokutana na rimu, pande zote mbili, ule wa nje na ule wa ndani. Rimu za aluminiamu kwa hewa ya chumvi ya Mikindani, Shangani, Kilwa Masoko na Lindi mjini zinaota unga mweupe pale tairi linapokaa, tairi halishiki sawasawa na upepo unapenya kidogo kidogo. Dawa yake sio tairi jipya. Tairi linavuliwa, fundi anasugua ile sehemu na brashi ya waya mpaka chuma kiwe laini, anafuta vumbi, anapaka gundi maalum ya ukingo, anarudisha. Fundi akikwambia njia pekee ni kutia tyubu ndani muombe asugue kwanza.

Na hiyo tyubu niseme kabisa. Kuweka tyubu ndani ya tairi la tubeles, yani lile lililotengenezwa kutembea bila tyubu, imekuwa suluhisho la kila kitu huku kwetu na mimi siipendi. Tairi la tubeles likichomwa na msumari upepo unatoka polepole unapata muda wa kusimama, lenye tyubu likichomwa tyubu inachanika na upepo unatoka wote kwa mpigo. Alafu tyubu inasuguana na tairi kwa ndani, joto linapanda, na kwenye safari ndefu ya lami ya kutoka Lindi mpaka Nangurukuru hilo joto ndo adui. Kama ni kutoka shambani mpaka mjini kwa mwendo mdogo sawa, lakini usiseme umemaliza tatizo.

Pancha: ipi inazibika na ipi haizibiki

Kanuni ni rahisi. Tundu likiwa kwenye uso wa tairi unaokanyaga chini, tena sio pale begani karibu na ubavu, na upana wake usizidi milimita 6, linazibika. Likiwa begani au ubavuni halizibiki, hata liwe dogo, kwa sababu ubavu unajikunja kila tairi linapozunguka na kiraka chochote pale kitaachia tu.

Ile njia ya kuchomeka kamba ya mpira kutoka nje bila kuvua tairi inakufikisha, naikubali kwa dharura, mfano umechomwa msumari pale Mtama na giza linaingia. Lakini ukifika mjini tairi livuliwe, libandikwe kiraka kwa ndani na tundu lijazwe, vyote viwili, maana kamba peke yake maji yanapenya na kufikia waya za chuma zilizo ndani ya tairi, zinaota kutu, na baada ya muda uso wa tairi unaanza kuachia kutoka kwenye mwili wake.

Kuna jambo moja fundi wengi hawaliangalii na ni la muhimu kuliko pancha yenyewe. Likishavuliwa chungulia ndani, tia mkono upapase ubavu kwa ndani. Ukikuta ungaunga mweusi na chembechembe za mpira, au mstari uliokwaruzika unazunguka tairi lote, ujue hilo tairi limetembezwa likiwa halina upepo, nyuzi za ubavu zimeshasagika. Hapo pancha inaweza kuzibwa vizuri kabisa na tairi likajaa na kuonekana zima kwa nje, alafu likapasuka wiki ijayo ukiwa na familia. Ungaunga ukiwepo, tairi hilo limekwisha, usilipe hata hela ya kiraka. Ndo maana tairi likiisha upepo simama pale pale, usiseme "ngoja nifike pale kwenye mwanga", hata nusu kilomita inatosha kuliua.

Ubavu umeota nundu

Unaona kwenye ubavu pametoka uvimbe, saizi ya yai au kubwa zaidi, upepo haupungui, gari inatembea vizuri. Hii watu wanaipuuza kuliko zote kwa sababu haina kelele na haina pancha, na kwangu mimi ndo hatari kuliko zote.

Kinachotokea ni hivi: umepiga shimo au ukingo mkali kwa kasi, ubavu ukabanwa kati ya rimu na ukingo, nyuzi za ndani zikakatika. Mpira wenyewe haukukatika ila zile nyuzi zilizokuwa zinabeba upepo pale hazipo, kwa hiyo upepo unausukuma mpira peke yake unatoka nje. Mpira mtupu haujatengenezwa kubeba huo mzigo. Utapasuka, na hakuna anayeweza kukwambia ni leo au mwezi ujao. Hakuna kiraka cha uvimbe, hakuna gundi, na kupunguza upepo ili nundu irudi ndani ndo unazidisha, maana ubavu unajikunja zaidi na joto linaongezeka.

Wakati mwingine nundu haionekani kwa nje, iko upande wa ndani unaotazama injini. Kwa hiyo ukishapiga shimo la nguvu, pinda usukani mpaka mwisho, piga tochi, pitisha mkono ubavu wa ndani. Barabara yetu ya kusini unaijua, kuna sehemu nzuri unaachia gari alafu ghafla shimo au ukingo wa lami umemegeka. Mvua za Mei 2024 zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara kule Somanga, na kila msimu wa mvua mashimo mapya yanatokea mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa sawa. Usiku usiamini kumbukumbu yako ya njia.

Upande wa mashambani huko Tandahimba, Nanyamba, Nachingwea, chanzo kingine ni visiki. Mkorosho ukikatwa au ukipogolewa kunabaki kisiki kifupi kwenye nyasi, kinachana ubavu kutoka pembeni. Mchano ubavuni ufungue taratibu kwa vidole: ukiona mpira mweusi tu na ni wa juu juu endelea kuuangalia kila wiki, ukiona nyuzi nyeupe au za kahawia hilo tairi ni la kutoa leo.

Linalika vibaya

Hapa ndo tairi linaongea waziwazi.

Limelika katikati na pembeni bado kashata (yale meno ya uso wa tairi) zipo: upepo mwingi kupita kiasi. Limelika pembeni zote mbili katikati bado: upepo mdogo, au mzigo mkubwa kwa muda mrefu. Hizo mbili hazihitaji fundi, zinahitaji geji.

Limelika upande mmoja, mara nyingi wa ndani ambao huuoni mpaka uiname: alaimenti, yani jinsi matairi yanavyotazama mbele kwa unyoofu, imepotea. Mashimo na matuta yanapindisha taratibu, au bushi za mkono wa chini zimekufa, au boljointi na tairodi (viungo vya wili na usukani) zimelegea. Pitisha kiganja juu ya kashata, kwanza kutoka nje kwenda ndani, alafu kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa upande mmoja unateleza laini na ukirudisha unakwaruza, matairi yako ya mbele hayatazami sawa, yanaburuzwa kila unapotembea, yani unayasugua kwenye lami kutoka nyumbani mpaka kazini. Sasa sikia, alaimenti kwa kamba na macho ya fundi inaweza kukusogeza lakini nenda kwenye mashine, na kabla ya mashine mwambie fundi atikise wili gari ikiwa juu ya jeki aone kama kuna kinachocheza. Kupima alaimenti wakati bushi zimekufa ni kutupa hela, utatoka pale imenyooka na tuta la kwanza linairudisha ilipokuwa.

Limelika mabonde mabonde, hapa limeisha pale bado, alafu linavuma ukiwa kasi: shokapu zimechoka, tairi linarukaruka badala ya kukanyaga. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu uachie, ikipanda na kushuka zaidi ya mara moja mbili kabla ya kutulia shokapu imekwisha. Watu wengi wanachanganya huo mvumo na beringi ya wili. Ukiwa barabarani peupe pinda kidogo kulia alafu kushoto, sauti ikibadilika kwa kuongezeka upande mmoja na kupungua mwingine mara nyingi ni beringi, ikibaki vile vile shuku tairi.

Na ukiona sehemu moja tu imekatika bapa, hiyo ni breki iliyobana wili ikaburuzwa.

Usukani unatetemeka, gari inavuta

Ukifika 80 mpaka 100 usukani unaanza kutetemeka, ukipunguza unaacha: balansi ya mbele, yani uzito wa wili hauko sawa pande zote, au kile kirisasi cha kusawazisha kinachobandikwa kwenye rimu kimedondoka. Kiti ndo kinatetemeka badala ya usukani: balansi ya nyuma. Inatetemeka ukikanyaga breki tu: hapo sio tairi, angalia diski. Na kama umetoka kwenye matope ya Liwale, kabla ya kulipa mtu osha rimu kwa ndani, tope lililokauka upande mmoja linatosha kuleta mtetemo.

Ikiwa balansi imepigwa mara mbili na bado inatetemeka, tena hata kwenye mwendo wa 30 unahisi gari inapepesuka, nyanyua wili zungusha taratibu ukiangalia uso wa tairi. Likipanda na kushuka, mikanda ya ndani imeachia, tairi hilo ni hatari sawa na lenye nundu, na hakuna balansi itakayolitibu.

Kuvuta upande mmoja: pima upepo kwanza, tairi laini linavuta upande wake. Upepo ukiwa sawa badilishana matairi mawili ya mbele, la kulia liende kushoto (kama hayana mshale wa mwelekeo), ikianza kuvuta upande wa pili ni tairi, isipobadilika ni alaimenti au breki inayobana. Gusa rimu baada ya safari, yenye moto kuliko wenzake ndo breki inayoshika.

Nyufa nyufa

Gari inakaa juani, inatoka mara moja kwa wiki, kashata bado ndefu lakini ubavu umejaa mistari midogo kama sole ya kandambili iliyosahaulika nje. Huo ni uzee. Tafuta neno DOT ubavuni, mwishoni kuna tarakimu nne: 3518 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2018. Zikiwa hazionekani upande wa nje ziko upande wa ndani. Watengenezaji wengi wanasema kuanzia miaka 5 tairi likaguliwe kila mwaka na likifika 10 litolewe hata kama linaonekana zima, lakini kwa jua letu na chumvi mi binafsi kwenye gari inayobeba watu siwezi kufika huko, miaka 6 linatosha.

Limepasuka njiani

Kwanza kama linakupasukia, shika usukani kwa mikono yote miwili, usikanyage breki kwa nguvu, achia mafuta gari ipungue yenyewe, nyoosha kwanza ndo utoke pembeni. Ukikanyaga breki ndo gari inazunguka.

Alafu tafuta chanzo. Kuanzia Oktoba korosho zikianza kutoka utaona kirikuu (zile pikapu ndogo) na Noah zimeshuka nyuma mpaka mipira ya kuzuia matope inagusa chini, magunia yanapelekwa ghala la AMCOS, chama cha ushirika, kuwahi mnada, na upepo ni ule ule wa kubebea abiria wawili. Mzigo mkubwa, upepo mdogo, lami ya moto, mwendo mkali. Ubavu unajikunja, joto linapanda, mpira unaachana na nyuzi. Tairi lililopasuka kwa joto utalijua, uso wake umebanduka kama ganda na ukigusa mara tu baada ya kusimama huwezi kushika. Kwenye stika ya mlango baadhi ya magari yana kipimo cha pili cha gari ikiwa imejaa, kitumie, na uzito usizidi uwezo wa tairi hata ukijaza upepo vipi.

Chanzo kingine watu hawakihesabu: Msimbati. Unaenda ufukweni, gari inazama kwenye mchanga, wenyeji wanakushauri toa upepo, na ni ushauri sahihi kabisa, tairi likitanuka linapita. Shida ni kurudi. Unapanda barabara na psi 15 unakimbia kuwahi Mtwara mjini, ubavu unaungua kwa ndani bila wewe kuona. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari iwe kitu cha kwanza kwenye buti kama unaenda huko, ujaze kabla ya kukimbia.

Sasa tunanunua

Saizi ni ile ya kwenye stika, sio iliyokuwa kwenye gari, maana aliyekuuzia inawezekana alifunga yoyote aliyoipata. Chukua mfano 195/65R15 91H: upana milimita 195, urefu wa ubavu asilimia 65 ya huo upana, rimu ya inchi 15, na 91 ni uzito, tairi moja linabeba kilo 615, H ni kasi mpaka 210. Kasi isikusumbue sana, hakuna pa kuitumia huku. Uzito ndo usikubali ushuke.

Hii ya uzito inawaumiza sana wa Hiace na kirikuu. Tairi la Hiace ni 195/80R15 lenye 107/105, namba 107 ni kilo 975. Dukani kuna 195/80R15 nyingine yenye 96 ambayo ni kilo 710, saizi ile ile, rimu ile ile, bei ya chini, inaingia bila shida. Ukiifunga kwenye Hiace ya abiria umepunguza zaidi ya kilo 250 kwa kila tairi. Kirikuu nyingi vile vile zinataka 145R12 yenye maandishi 6PR, sio ya gari ndogo. Soma ubavu mwenyewe, usimwachie muuzaji.

Mpya ya bei rahisi au mtumba wa jina kubwa? Muuzaji atakwambia "bosi hii ni Mjapani original, hiyo mpya haifiki popote." Msimamo wangu, tairi jipya la bei ya kawaida lenye DOT ya karibuni na uzito sahihi ni bora kuliko la jina kubwa lililokaa miaka minane. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo.

Kama mfuko hauruhusu na lazima mtumba, basi kagua haya na usione aibu kumchelewesha muuzaji. Soma DOT. Chungulia ndani kutafuta ule ungaunga mweusi na viraka, hasa viraka vya karibu na ubavu. Angalia kama limechongwa: kwenye mifereji kuna vituta vidogo vya kuonyesha kikomo, vina kimo cha milimita 1.6 kutoka chini, pembeni begani vimeonyeshwa kwa TWI au pembetatu ndogo. Ukikuta mfereji ni mrefu lakini vituta havipo, au kingo za kashata ni kali sana na chini ya mfereji panaonekana waya au rangi tofauti, mtu amepita na kisu cha moto. Hilo ni kipara lililovishwa sura.

Alafu kuna tairi za baridi. Hizi zinakuja nyingi kutoka Japani na zinapendwa kwa sababu kashata zinakuwa ndefu na nzuri kwa macho. Ubavuni zimeandikwa STUDLESS, au kuna alama ya mlima wenye kitheluji ndani, au majina kama Blizzak, iceGuard, Winter Maxx. Uso wake una michano mingi myembamba ya zigizaga kwenye kila kashata, ukiibonyeza na kucha inaingia kirahisi. Zimetengenezwa mpira laini kwa ajili ya barafu. Kwa joto la Lindi mpira huo unalainika zaidi, unalika haraka, gari inayumba kwenye kona, na mvua ikinyesha breki inachelewa kushika. Tafadhali usinunue, hata ukipewa kwa bei ya kutupa, na kama ziko kwenye gari yako sasa hivi anza kupanga kuzitoa kabla ya masika.

Kashata za namna gani? Ukiwa unazunguka mjini na lami ya Mtwara, Lindi, Masasi, chukua za kawaida za barabarani, zina utulivu na zinashika kwenye maji. Kwa anayepanda Liwale kila wiki au anayeingia vijiji vya Nanyumbu, za mchanganyiko wa lami na vumbi zina ubavu mgumu kidogo na zinastahimili mawe. Zile za matope kabisa zenye kashata kubwa kubwa waachie wenye kazi hiyo, kwenye lami zinavuma na breki yake sio nzuri.

Unanunua mawili tu? Yawe sawa kwa saizi na aina, na yafungwe nyuma, yale ya zamani yenye hali nzuri yaje mbele. Najua wengi wanaweka mapya mbele. Lakini nyuma ikiteleza kwenye maji gari inazunguka na huwezi kuirudisha, mbele ikiteleza unaisikia kwenye usukani na ukipunguza mwendo inakubali. Mwenye gari inayovuta wili zote nne, mfano RAV4 au X-Trail, asichanganye jipya na lililolika sana hata kama ni saizi moja, mizunguko inatofautiana na gia ya kugawa nguvu ndo inaumia, na hiyo bei yake inazidi ya tairi zote nne.

Siku ya kufunga

Valvu mpya kwa kila tairi, usikubali kurudishiwa ya zamani. Angalia mshale wa ROTATION uelekee mbele, na neno OUTSIDE likiwepo likae nje. Balansi ni lazima. Nati zikazwe kwa kupishana, sio kwa kuzunguka mduara, na wakitumia ile bunduki ya upepo waombe wamalizie kwa mkono, maana zikikazwa kupita kiasi siku ya pancha porini wili spana yako haitazifungua. Ukitembea kama kilomita 50 mpaka 100 simama uzikaze tena. Baada ya hapo kila kilomita 8,000 hadi 10,000 badilishana mbele na nyuma.

Na spea, iangalie siku hiyo hiyo, ijaze upepo kabla hawajaondoa pampu. Gari nyingi ndogo zina ile spea nyembamba ambayo saizi yake ubavuni inaanza na herufi T, hiyo inataka psi 60, sio 30, na mwendo wake mwisho ni 80. Ni ya kukufikisha kwa fundi wa karibu tu, kwa hiyo ukiifunga pale Somanga usipange kufika nayo Dar, tafuta fundi Nangurukuru au Kibiti kulingana na upande unaoelekea, tairi lako lirudi ndo uendelee na safari.